Seneta au Jopo la Mizozo ya Spoti? Uhakiki wa milango miwili ya klabu iliyoonewa Nairobi

Klabu ya mtaani ikipokonywa pointi tatu, au mchezaji akiachwa nje ya timu ya taifa bila sababu ya maana, viongozi wake hukimbilia mmoja wa milango miwili. Wa kwanza ni kwa mheshimiwa seneta. Atasimama Bungeni, atakabana koo na waziri au gavana, na kesho yake asubuhi sauti yake itasikika redioni kuanzia Umoja hadi Kawangware. Wa pili ni Jopo la Mizozo ya Spoti, chombo cha kisheria kinachosikiliza kesi za michezo, linalojulikana zaidi kwa herufi zake tatu za Kiingereza, SDT. Pale hakuna kamera wala shamrashamra, ni makaratasi na tarehe tu.

Tunazipima hapa huduma zote mbili kama zinavyomfikia mtu wa klabu: zinadai nini kwako, zinakupa nini, na zinakwamia wapi. Msimamo wetu tuuweke mezani mapema. Kwa viwanja na pesa za umma, seneta anafaa sana, tunampa nane kwa kumi. Kwa pointi, kadi, uteuzi na uchaguzi wa chama cha michezo, tunampa mbili, na hizo mbili ni za kukusaidia kupaza sauti. Klabu nyingi huumia kwa kuanza na mlango usiofaa, kwa kuwa ukiingia mmoja vibaya unaweza kuujifungia ule mwingine.

Mlango wa seneta

Seneti ina maseneta 67: 47 wa kuchaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, wanawake 16 wa kuteuliwa, wawili wa kuwakilisha vijana na wawili wa kuwakilisha watu wenye ulemavu. Spika hahesabiwi katika hao. Kazi yao kwa mujibu wa kifungu cha 96 cha Katiba ni kulinda kaunti na serikali zake, na kufuatilia pesa za taifa zinazogawiwa kaunti. Hapo ndipo penye nguvu yao. Agosti 2020, wakati wa mvutano wa fomula ya kugawa mapato, maseneta watatu, Cleophas Malala, Christopher Langat na Steve Lelegwe, walikamatwa siku moja. Vita vile vilikuwa vikali hivyo kwa sababu vilihusu mgao wa kaunti, kitu ambacho hakiwezi kupita bila Seneti.

Sasa jiulize: shida yako inaangukia wapi? Jedwali la Nne la Katiba limegawa michezo vipande viwili. Kukuza michezo na elimu ya michezo ni kazi ya serikali ya kitaifa. Shughuli za michezo na viwanja vya ngazi ya kaunti ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo uwanja wa City, uliopewa jina la Joe Kadenge, na ule wa Dandora ni vya Kaunti ya Nairobi. Kasarani na Nyayo viko chini ya shirika la Sports Kenya. Ukimpelekea seneta swali la choo kilichoziba Dandora au la malipo ya mkandarasi, umemkabidhi silaha anayoijua. Ukimpelekea swali la refa aliyekataa bao lako kwa kuotea, umempa gari asilo na ufunguo wake.

Seneta ana njia tatu za kukusaidia, na ubora wake haufanani hata kidogo.

Njia ya kwanza ni taarifa. Seneta husimama na kuomba kamati ilete majibu kuhusu jambo fulani. Ya michezo kwa kawaida huenda kwa Kamati ya Leba na Maslahi ya Jamii. Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na inategemea karatasi moja utakayompa. Waheshimiwa hupokea maombi chungu nzima kwa wiki, na msaidizi wake ndiye atakayesoma kabla yake. Andika ukurasa mmoja, usizidi. Juu weka jina la uwanja au mradi na wadi. Chini yake maswali manne au matano yenye nambari, kila moja likiwa linajibika kwa tarehe, jina la cheo au kiasi cha pesa. "Kwa nini vijana wanadharauliwa" halijibiki, na waziri atalijibu kwa hotuba. "Mkandarasi amelipwa shilingi ngapi hadi leo, cheti cha mwisho cha malipo kilitolewa lini, ni kazi zipi hazijakamilika, na ni afisa wa cheo gani aliyeidhinisha" haliachi pa kujificha. Jibu likija halijakamilika, seneta anaweza kulikataa na kutaka lingine, mradi maswali yako yana nambari na inaonekana wazi ni lipi lililorukwa.

Njia ya pili ni ardhilhali, yaani ombi la maandishi kwa Bunge, na ndiyo tunayoipenda kuliko zote upande huu. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lichukue hatua, na Sheria ya mwaka 2012 kuhusu utaratibu wa ardhilhali imeeleza umbo lake hatua kwa hatua. Haihitaji wakili. Inaweza kuandikwa kwa mkono au kupigwa chapa, kwa Kiswahili au Kiingereza, na hilo la Kiswahili wengi hawalijui, wanaenda kulipa mtu wa kuwatafsiria bure. Lugha iwe ya heshima. Isiwe na neno lililofutwa wala lililochomekwa juu ya mstari; ukikosea, andika ukurasa upya. Ikiwa ni kurasa kadhaa, mada iandikwe kwenye kila ukurasa. Lazima useme umeshajaribu wapi kabla ya kuja Bungeni na ulijibiwa nini, na useme kama kuna kesi mahakamani au mbele ya chombo kingine cha kisheria kuhusu jambo hilohilo. Mwisho unaandika ombi lenyewe: unataka Seneti ifanye nini hasa. Halafu majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi, au alama ya dole gumba kwa asiyeweza kutia sahihi.

Ardhilhali za klabu hurudishwa kwa mambo matatu hasa. La kwanza ni sahihi zilizokusanywa kwenye karatasi tupu kisha zikabanwa nyuma ya ardhilhali. Sheria inataka sahihi ziwe kwenye karatasi yenye maandishi ya ardhilhali, usibandike. La pili ni viambatisho. Watu hupeleka faili nene lenye barua, picha na hati za kiapo, ilhali ardhilhali yenyewe hutakiwa kuja bila viambatisho. Vielelezo viweke tayari, kamati itavihitaji siku ya kukusikiliza. La tatu, na ndilo baya zaidi, ni kuficha kwamba kuna kesi. Hutafika mbali, upande wa pili utaileta kwa Spika siku ya kwanza.

Karani wa Seneti ana siku saba kuikagua ardhilhali na kuona kama imetimiza masharti. Ikisomwa ukumbini, maseneta wanaweza kutoa maoni kwa muda usiozidi dakika 30 kwa jumla, kisha inakwenda kwa kamati yenye siku 60 za kalenda kuleta ripoti. Siku hizo hazihesabiwi tangu ulipoifikisha, zinaanza pale iliposomwa. Na huongezwa. Likizo za Bunge nazo hupita katikati. Kwa hiyo usilete ardhilhali kwa jambo linalokufa baada ya wiki mbili, kama mchujo wa kupanda daraja.

Nguvu ya kamati, ikishashika jambo, si ndogo. Kifungu cha 125 kinaipa uwezo wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi na nyaraka, na anayepuuza wito anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000. Magavana wameshaonja faini hiyo. Hata afisa wa shirikisho anaweza kuitwa. Tofauti ni kwamba gavana akitoka pale anabaki chini ya jicho la Seneti mwaka mzima kwa sababu ya bajeti. Afisa wa shirikisho la kandanda akitoka pale, Seneti haina njia ya kumwondolea mtu kadi nyekundu wala kuandika upya msimamo wa ligi. Ripoti ya kamati hupendekeza. Haitengui uamuzi wa shirikisho.

Njia ya tatu ni maikrofoni, nayo ndiyo inayopendwa na kila mtu na ndiyo yenye hatari nyingi.

Seneta anapovaana hadharani

Malumbano ya seneta yana kanuni zake, na klabu inayoyategemea inafaa izijue. Maneno yanayosemwa ndani ya ukumbi yanalindwa na kifungu cha 117: seneta hashtakiwi kwa yale aliyochangia katika mjadala. Akiyarudia kwenye kituo cha redio jioni, au kwenye mkutano wa hadhara Kamukunji, kinga ile haipo. Na wewe uliyempa karatasi hukuwa na kinga tangu mwanzo. Ukimwandikia kwamba mwenyekiti fulani "amekula" pesa za zawadi, ukasambaza nakala katika makundi ya WhatsApp ya klabu, unaweza kushtakiwa kwa kumharibia mtu jina hata kama seneta amesalimika. Andika ulichonacho ushahidi wake: "zawadi ya nafasi ya pili haijalipwa tangu tarehe fulani, barua zetu mbili hazijajibiwa." Hayo yanatosha kumfanya mtu ajieleze.

Hata ndani ya ukumbi kuna breki. Seneta mwingine akisimama kwa hoja ya nidhamu, aliyetoa madai hutakiwa kuyathibitisha papo hapo au katika kikao kinachofuata, la sivyo ayaondoe na kuomba radhi. Hapa ndipo jambo zuri linapoharibikia. Mheshimiwa amesema milioni kumi kwa sababu ulimwambia "kama milioni kumi hivi", anaambiwa alete hati, hati inaonyesha milioni nne, anayaondoa maneno yake. Kuanzia hapo shirikisho linatembea na ukurasa wa Hansadi, kumbukumbu rasmi za vikao vya Bunge, mfukoni kuonyesha kwamba madai yenu yalifutwa. Kama hujashika stakabadhi, acha tarakimu nje.

Breki ya pili ni kesi iliyo mahakamani. Kanuni za Kudumu zinazuia mjadala juu ya jambo ambalo mahakama inalisikiliza, pale mjadala unapoweza kuathiri haki ya kesi hiyo. Klabu ikifungua kesi Jumatatu na kumtaka seneta ailipue Jumatano, upande wa pili utamwomba Spika azime mjadala, na mara nyingi watafanikiwa. Hii ndiyo sababu tumesema mlango mmoja unaweza kuufunga mwingine. Ukitaka vyote viwili, taarifa kuhusu pesa za umma itangulie, na kesi ya pointi ihusu pointi peke yake, mambo mawili yasiyogusana.

Breki ya tatu iko mbali na Nairobi, iko Zurich. FIFA inataka vyama wanachama vijiendeshe bila kuingiliwa na serikali wala wanasiasa. Novemba 2021, Waziri wa Michezo wa wakati huo, Amina Mohamed, aliivunja kamati kuu ya Shirikisho la Kandanda Kenya, FKF, baada ya ukaguzi wa pesa na kuteua kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Huenda sababu za ukaguzi zilikuwa nzito, lakini njia iliyotumika ilivuka mstari wa FIFA, na Februari 2022 Kenya ikafungiwa. Harambee Starlets hawakucheza mchujo wao dhidi ya Uganda wa kuwania fainali za Afrika za wanawake. Harambee Stars waliondolewa katika mchujo wa AFCON ya 2023 kabla ya kupiga mpira hata mmoja. Marufuku iliondolewa mwisho wa Novemba 2022, baada ya waziri mpya, Ababu Namwamba, kuwarudisha viongozi waliokuwa wameondolewa. Wachezaji walipoteza mwaka, na mgogoro wa uongozi ukarudi ulipoanzia.

Kwa hiyo seneta akikuahidi kwamba "atawaondoa hawa watu", mwombe kwa adabu asifanye hivyo. Mwelekeze kwenye pesa za umma: ni kiasi gani kilitoka Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, kilitumiwaje, nani alikagua. Hakuna kanuni ya FIFA inayomzuia mbunge kuuliza shilingi ya mlipa kodi iko wapi. Na kama shida ni wizi wa waziwazi, hilo ni la wapelelezi. Kashfa ya Olimpiki ya Rio ya 2016 iliishia mahakama ya ufisadi: Septemba 2021 aliyekuwa waziri, Hassan Wario, alitozwa faini ya shilingi milioni 3.6, na Stephen Soi aliyeongoza msafara alitozwa milioni 105. Ilichukua miaka mitano tangu michezo ile, ila ilifika.

Jopo la Mizozo ya Spoti

SDT liliundwa na kifungu cha 55 cha Sheria ya Michezo ya mwaka 2013. Wanachama wake huteuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama, na ndani yake mna mawakili na watu waliokaa katika michezo kwa miaka mingi. Mchanganyiko huo ndio uzuri wake mkubwa. Hutapoteza nusu ya asubuhi kumweleza hakimu maana ya kuotea au tofauti ya leseni ya mchezaji na mkataba wake. Wakili John Ohaga aliliongoza kwa miaka mingi, na maamuzi ya kipindi chake ndiyo yaliyojenga jina la jopo.

Linasikiliza nini? Kifungu cha 58 kinataja mafungu matatu, na yasome taratibu kwa sababu kesi nyingi hufia hapa. Kwanza, rufaa dhidi ya maamuzi ya vyama vya kitaifa vya michezo, zikiwemo za nidhamu na za kuachwa nje ya timu ya Kenya, lakini pale tu kanuni za chama husika zinaporuhusu rufaa kwenda kwa jopo. Pili, mzozo wowote wa michezo ambao pande zote zimekubali upelekwe huko na jopo lenyewe likakubali kuusikiliza. Tatu, rufaa dhidi ya maamuzi ya Msajili wa Michezo. Sheria ya Kukabiliana na Dawa za Kusisimua Misuli ya mwaka 2016 iliongeza kesi za dawa hizo. Mwanariadha wa kiwango cha kimataifa huwa na njia yake tofauti, kupitia kitengo cha uadilifu cha riadha kilicho Monaco.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya kumtafuta wakili, ni kufungua katiba ya chama chako na kanuni za ligi yako na kutafuta ukurasa unaotaja rufaa. Kuna vyama vinavyotaja SDT kwa jina. Kuna vinavyotaja kamati yao ya rufaa kisha Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ya Lausanne, CAS. Kuna visivyotaja chochote. Ukiwa katika kundi la mwisho, andikia chama barua ukiwaomba wakubali jambo liende SDT, uwape siku saba, na uhifadhi jibu lao. Wakikubali kwa maandishi, umeingia kwa fungu la pili. Wakikataa au wakinyamaza, huna ridhaa yao, na wakili wako atalazimika kujenga hoja nyingine ya mamlaka. Usiende hivihivi ukitumaini hawatagundua. Pingamizi la mamlaka ndilo la kwanza wanaloleta.

La pili ni kumaliza ngazi za ndani. Kama kanuni zinasema kamati ya nidhamu, kisha kamati ya rufaa, pita zote mbili, hata kama unaamini zimejaa marafiki wa mwenyekiti. Wakikupiga danadana, kila barua uliyopeleka iwe na muhuri wa kupokelewa au risiti ya baruapepe. Danadana zenye ushahidi ni hoja. Zisizo na ushahidi ni uvumi.

Faili la kesi ya klabu linapaswa kuwa na vitu hivi: barua ya uamuzi unaoupinga, na juu yake tarehe uliyoipokea, cheti cha usajili kutoka kwa Msajili wa Michezo, chenye majina ya viongozi wa sasa, kumbukumbu za kikao cha kamati kuu kilichoidhinisha kesi, ripoti ya refa na ya kamishna wa mechi, ukurasa wa kanuni unaoutegemea, na orodha ya wote watakaoguswa na uamuzi. Viwili katika hivyo ndivyo vinavyoangusha watu Nairobi. Usajili: klabu imecheza miaka ishirini lakini faili la Msajili bado lina majina ya viongozi wa zamani, mmoja wao ameshahama upande, na siku ya kesi anasimama kusema hakuidhinisha chochote. Rekebisha hilo msimu ukiwa umelala. Na orodha ya wahusika: ukitaka pointi tatu ambazo zitaishusha daraja timu nyingine, timu hiyo lazima iitwe. Uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza anayeumia haudumu.

Ushahidi wa simu nao una kanuni. Picha ya skrini ya ujumbe wa WhatsApp, au video ya bao iliyorekodiwa jukwaani, inahitaji kuambatana na cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: nani alirekodi, kwa kifaa gani, kilikuwa kinafanya kazi sawasawa, na ilitolewaje kwenye kifaa hicho hadi kwenye karatasi. Ni ukurasa mmoja. Aliyerekodi ndiye atie sahihi, kwa hiyo mtafute mapema, kabla hajabadilisha simu.

Kesi za uteuzi na za mechi zina dawa yake: hati ya dharura pamoja na ombi la amri ya muda. Usiandike tu kwamba jambo ni la dharura. Taja tarehe ambayo madhara hayatarudishika: siku orodha ya wachezaji inafungwa, siku ndege inaondoka, siku ya mechi ya mchujo. Uking'ang'ana na maneno makali na kuacha tarehe, jopo halina sababu ya kukupisha mbele ya foleni. Na omba kitu kinachowezekana. "Uamuzi wa tarehe fulani usitekelezwe hadi rufaa isikilizwe" kinawezekana. "Ligi nzima isimame" kina gharama kwa klabu nyingine zote, na utaulizwa utazilipaje.

Kasoro za huduma hii zipo, na mbili ni nzito. Ya kwanza ni utekelezaji dhidi ya chama chenye mkono wa FIFA. Desemba 2019 jopo lilifuta mchakato wa uchaguzi wa FKF, na Machi 2020 likaufuta wa marudio, likapendekeza FIFA iunde kamati ya mpito. FIFA haikukubali. Uchaguzi ulifanyika Oktoba mwaka huohuo kwa utaratibu uliokubalika kwa FIFA, na Nick Mwendwa akabaki rais. Hata hivyo tunasema jopo lilifanya kazi yake: wapiga kura wa matawi walisikizwa, na kanuni za uchaguzi ziliandikwa upya zaidi ya mara moja. Ila mwenye kesi ya uchaguzi wa kandanda ajue mapema kwamba ushindi wa Nairobi unaweza kuhitaji kibali cha Zurich.

Ya pili ni kwamba jopo haliwezi kukupa kilicho mikononi mwa mwandalizi wa mashindano. Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, mashabiki walivunja utaratibu wa usalama Kasarani, na CAF, shirikisho la kandanda la Afrika, ikapunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa uwanjani hadi 27,000, kwa tiketi za kielektroniki pekee. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kenya ikicheza na Zambia. Viti vilivyokatwa visingerudishwa na seneta wala na jopo, kwa kuwa vilikuwa chini ya kanuni za CAF ambazo Kenya ilizitia sahihi ilipoomba uenyeji. Kwa mambo ya aina hiyo mlango ni kamati ya maandalizi, na mapema.

Hata na kasoro hizo, kwa pointi, nidhamu na uteuzi tunalipa jopo nane na nusu. Linganisha na Lausanne: CAS inatoza faranga 1,000 za Uswisi kupokea tu rufaa yako, na kwa kawaida una siku 21 tangu upokee uamuzi. Kwa timu inayofua jezi zake yenyewe pale Kayole, SDT ndilo linalofikika. Maamuzi yake huchapishwa kwenye tovuti ya Kenya Law, bure. Soma matatu yanayofanana na kesi yako kabla ya kumlipa wakili. Utajua swali la kwanza atakaloulizwa, na utamjua wakili ambaye hajayasoma.

Kifungu cha 59 nacho hakitumiwi vya kutosha. Kinaliruhusu jopo kusaidia pande zipatane badala ya kuhukumiwa. Mzozo wa ada ya uhamisho au wa jezi za mdhamini huisha vizuri kwa njia hiyo, na mnaendelea kucheza ligi moja bila kununiana.

Ukitaka kuonana na Seneti ana kwa ana

Vikao huwa Jumanne saa nane na nusu mchana, Jumatano saa tatu na nusu asubuhi na saa nane na nusu mchana, na Alhamisi saa nane na nusu. Roshani ya wageni iko wazi kwa umma. Beba kitambulisho, vaa nguo za heshima, zima simu, na usipige makofi hata seneta wako akisema lile ulilomwandikia. Wageni wanaopiga kelele hutolewa. Jezi ya klabu iache nyumbani siku hiyo. Baada ya kikao, subiri Hansadi itoke kwenye tovuti ya Bunge, chapisha ukurasa wenye swali lenu na jibu, upige muhuri wa klabu nyuma na tarehe, uuweke kwenye faili lilelile la cheti cha Msajili. Mkandarasi wa uwanja akirudi mwaka ujao kuomba muda zaidi, ukurasa huo ndio wa kwanza kumwonyesha msimamizi wa wadi.